Mafuta Kuwa Mafuta: Istilahi ya Kichocheo katika Sayansi ya Nishati ya Mimea



1. Utangulizi

Ipo sentensi moja ambayo mfasiri wa maandishi ya sayansi kwa Kiswahili hukutana nayo mapema, nayo humlazimisha aweke kalamu chini kwa muda. Sentensi hiyo yasema kwamba, kwa kutumia vichocheo, mafuta hugeuzwa kuwa mafuta. Katika lugha nyingi za Ulaya jambo hili halina utata, kwa kuwa kile kinachokamuliwa katika mbegu kina jina lake na kile kinachochomwa katika injini kina jina jingine. Katika Kiswahili yote ni mafuta: mafuta ya kupikia, mafuta ya taa, mafuta ya gari, mafuta ya kujipaka, hata mafuta ya nyama. Msikilizaji asiyesoma kemia ana haki ya kuuliza: ikiwa ni mafuta tangu mwanzo, kinachogeuzwa ni nini? Na hicho kichocheo kinachochea nini?

Maswali hayo mawili ndiyo msingi wa mhadhara huu. Kwa kawaida mijadala ya istilahi za Kiswahili hufanyika kwa kupitia orodha ndefu za maneno, ambapo kila neno hupewa nusu dakika na kupitishwa au kukataliwa. Hapa utaratibu umegeuzwa. Inachukuliwa istilahi moja tu, *kichocheo*, na inapelekwa mahali inapofanya kazi, yaani katika sayansi ya kugeuza mafuta ya mimea kuwa nishati ya injini, ili ionekane inasaidia wapi na inapotosha wapi. Hoja kuu ni kwamba istilahi hii imeundwa vizuri kimofolojia, lakini mzizi wake unabeba picha ya moto ambayo inakwenda kinyume cha kile kinachotokea. Picha hiyo haihitaji kuondolewa, bali kusahihishwa, na Kiswahili chenyewe kina neno la kuisahihisha.

2. Kwa nini mafuta yageuzwe

Katika Maonyesho ya Dunia yaliyofanyika Paris mwaka 1900, injini ndogo iliyobuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Hakuna aliyeyageuza mafuta hayo. Yalitiwa kama yalivyokamuliwa. Kwa hiyo msikilizaji aliyeuliza swali hapo juu hakukosea. Mafuta ya mimea huwaka, na injini ya dizeli inaweza kuyatumia.

Tatizo ni mnato. Mafuta ya karanga, ya alizeti au ya mbono ni mazito, yenye mnato unaokaribia mara 10 ya ule wa dizeli ya kawaida au kuupita. Yakipitishwa katika tundu jembamba la kupulizia mafuta ndani ya injini, hayatawanyiki kuwa ukungu laini. Hutoka katika matone makubwa, huungua nusunusu, na masazo yake huganda kama masizi ya chungu. Injini huwaka leo, ikafa baada ya miezi. Kinachotakiwa, basi, ni kuipunguza molekuli ya mafuta ili iwe nyepesi.

Hatua ya kwanza kubwa ya kulifanya hilo inahusiana na Afrika. Mwaka 1937 G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipewa hataza ya Ubelgiji kwa njia ya kuyageuza mafuta ya mimea, hususan mawese, kwa kuyachanganya na alkoholi pamoja na kichocheo. Katika majira ya joto ya mwaka 1938 basi la abiria liliendeshwa kwa mafuta ya aina hiyo kati ya Brussels na Louvain. Mawese yaliyokusudiwa yalikuwa ya Kongo, iliyokuwa koloni la Ubelgiji. Zao lilitoka Afrika, na kichocheo kilitiwa Ulaya. Mgawanyo huo wa kazi utarejewa mwishoni mwa mhadhara.

3. Kinachotokea ndani ya chombo

Ili kuipima istilahi, ni lazima kwanza kieleweke kitu kinachotajwa. Molekuli ya mafuta ya mimea, inayoitwa trigliseridi, inaweza kufananishwa na chanuo lenye meno matatu. Mpini wa chanuo ni gliserini, na meno ni asidi za mafuta. Uzito wa mafuta unatokana na meno matatu kushikwa pamoja na mpini mmoja. Mafuta yakichanganywa na methanoli, ambayo ni alkoholi iliyo nyepesi kuliko zote, kila jino laweza kuachana na mpini na kuungana na molekuli moja ya methanoli. Matokeo yake ni esta tatu nyepesi, ambazo ndizo dizeli ya mimea, na gliserini iliyobaki peke yake na kuzama chini ya chombo.

Kwa vipimo vya jumla, kilo 100 za mafuta na kilo 11 hivi za methanoli hutoa takriban kilo 100 za dizeli ya mimea na kilo 10 au 11 za gliserini. Mmenyuko huu, hata hivyo, hauendi wenyewe kwa urahisi. Pasipo kichocheo, hulazimika kutumika joto linalozidi nyuzi 240 za Selsiasi na shinikizo kubwa mno. Ukitiwa hidroksidi ya sodiamu, ile inayoitwa kostiki na watengenezaji wa sabuni, kwa kadiri ya asilimia 1 tu ya uzito wa mafuta, kazi hukamilika kwa nyuzi 60 hivi katika muda wa saa moja.

Asilimia 1 hiyo imefanya nini? Haikuongeza joto la maana, wala haikuungua badala ya mafuta. Kati ya mafuta na methanoli kuna kizingiti cha nishati ambacho molekuli lazima zikivuke kabla ya kubadilishana. Kostiki huigeuza methanoli kuwa chembe yenye hamu kubwa zaidi, chembe hiyo huishika trigliseridi mahali panapofaa, jino la chanuo huachia, na mwisho wa mzunguko chembe nyingine ya namna ileile imezaliwa upya, tayari kwa molekuli inayofuata. Kizingiti kilichokuwa kirefu kimepatiwa njia ya chini. Kichocheo kimeshiriki katika kila hatua, lakini hakimo katika zao la mwisho.

Kuna jambo la pili lenye uzito kwa mjadala huu. Kichocheo hakiamui mwisho wa mmenyuko. Mmenyuko huu waweza kwenda mbele au kurudi nyuma, na kichocheo huharakisha pande zote mbili sawasawa. Kinachousukuma mbele ni wingi wa methanoli: kihesabu, kila trigliseridi huhitaji molekuli 3 za methanoli, lakini kwa kawaida hutiwa 6. Kwa hiyo anayeshurutisha ni methanoli iliyozidi. Kichocheo hurahisisha tu.

4. Mzizi wa *-chochea*

Baada ya kukitazama kitu, sasa litazamwe jina. Kitenzi *chochea* kinatokana na *chocha*, yaani kudukua kwa kijiti au kitu chenye ncha. Maana yake ya msingi ni kusogeza kuni mekoni ili moto uwake vizuri, na pia kupandisha utambi wa taa. Kutokana na hapo imezaliwa maana ya sitiari, ile ya kutia fitina kati ya watu. Mwenye tabia hiyo ni *mchochezi*, na tendo lake ni *uchochezi*, neno ambalo katika lugha ya sheria ni jina la kosa la jinai.

Waundaji wa istilahi walikwepa mtego wa kwanza kwa ustadi. Kiswahili hunominisha vitenzi kwa viambishi tamati tofauti. Kiambishi *-i* humtaja mtenda: *pika* hutoa *mpishi*, *chochea* hutoa *mchochezi*. Kiambishi *-o* aghalabu hutaja kifaa: *ziba* hutoa *kizibo*, *funika* hutoa *kifuniko*, *chochea* hutoa *kichocheo*. Kwa kuchagua *-o* na kiambishi awali *ki-*, istilahi ilitengwa na fitina ya *mchochezi* na kuwekwa katika kundi la zana. Hakuna mwanafunzi anayesikia *kichocheo* akadhani kostiki imeleta uhasama ndani ya chombo.

Mtego wa pili haukukwepeka, kwa kuwa umo katika mzizi wenyewe. Anayechochea moto husogeza kuni, na kuni huteketea. Joto linaloongezeka linatoka katika kuni hizo. Mwanafunzi anayeijua kazi ya jikoni atafikia hitimisho tatu kwa mantiki safi kabisa: kwanza, kwamba kichocheo huliwa na mmenyuko, pili, kwamba huongeza nishati, tatu, kwamba kikizidishwa, mmenyuko utazidi kufika mbali. Hitimisho zote tatu si sahihi. Na katika somo la nishati hatari huwa kubwa zaidi, kwani mafuta yenyewe ni kitu cha kuwashwa. Kichocheo cha mafuta, kwa sikio la kawaida, ni kitu cha kuyafanya yawake zaidi.

Aidha, neno limebebeshwa mizigo mingine. Katika maandishi ya afya *vichocheo* hutumika kwa maana ya homoni, na katika habari za michezo kwa maana ya dawa za kusisimua mwili. Homoni ni ujumbe, na dawa ya kusisimua ni sukumo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo chenye sifa ya kutoka katika kazi kikiwa kama kilivyoingia.

Si Kiswahili pekee kilichohangaika na jina hili. Mswidi Jöns Jacob Berzelius, aliyelibuni neno la kisayansi mnamo 1835, aliliunda kutokana na Kigiriki *katalysis*, lenye maana ya kufungua au kulegeza. Hakuwa bado na nadharia ya kueleza jinsi jambo linavyotokea. Ufafanuzi uliodumu ulitolewa miongo mingi baadaye na Wilhelm Ostwald, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1909, aliyesisitiza kwamba kichocheo hubadili kasi ya mmenyuko pasipo kuonekana katika zao lake. Kichina cha leo husema *cuihuaji*: kitu cha kutiwa ili kuhimiza badiliko. Kijapani kinasema *shokubai*, na herufi mbili za neno hilo zinastahili kutazamwa. Ya kwanza ina maana ya kugusa. Ya pili ni ya mtu anayesimama kati ya pande mbili, na katika Kichina herufi hiyohiyo humtaja anayewaunganisha wachumba.

Mtu huyo Kiswahili kinamfahamu vizuri. Ni *mshenga*.

5. Mshenga kama ufafanuzi

Mshenga huenda nyumbani kwa wazazi wa binti, huingia ndani, huketi, husema, hubeba maneno ya huku na kuyapeleka kule. Bila yeye, familia mbili zingeweza kutazamana kwa miaka mingi zikizuiwa na haya, umbali au kutojuana. Akiwepo, jambo hufungika kwa siku chache. Ndoa ikishafungwa, mshenga si mume wala si mke. Hutoka, na mwezi ujao aweza kutumwa kwa nyumba nyingine. Hana uwezo wa kulazimisha ndoa isiyotakiwa. Amepunguza ugumu wa kuanza, basi.

Kila sifa muhimu ya kichocheo imo humo: kushiriki bila kubaki katika zao, kutumika tena, kushusha kizingiti, kutobadili hatima. Hata kasoro za vichocheo zina mfano wake. Kichocheo hupoteza nguvu kikishikwa na uchafu kiasi cha kushindwa kumwachia mtu wa kwanza ili kimhudumie wa pili. Mshenga akikwama katika nyumba moja, ushenga umekwisha.

Mhadhara huu haupendekezi kwamba *kichocheo* lifutwe na *mshenga* liwekwe mahali pake. Istilahi iliyokwisha kuenea katika vitabu na madarasa haibadilishwi kwa sababu ya mfano mzuri. Kinachopendekezwa ni kwamba ufafanuzi wa neno, katika kamusi na katika vitabu vya kiada, uanze na mshenga na uyaache mafiga. Jina likitoa picha isiyo sahihi, ufafanuzi ndio mahali pa kuirekebisha.

6. Mbono, sabuni na maana ya kuliwa

Yaweza kudhaniwa kwamba haya ni masuala ya darasani tu. Kisa cha mbono chaonyesha vingine.

Mmea unaoitwa *mbono kaburi*, na pengine *mbono koma*, ulikuwa na jina na kazi muda mrefu kabla ya nishati ya mimea. Ulipandwa makaburini na mipakani kwa sababu mifugo haiuli, kwa kuwa una sumu. Neno *mbono* peke yake ni tata, kwani hutumika pia kwa mbarika, mmea unaotoa mafuta ya nyonyo. Ni mimea miwili tofauti, na mafuta yake yana tabia tofauti. Katikati ya miaka ya 2000 mbono kaburi ulitangazwa kote Afrika Mashariki kuwa zao la nishati linalostahimili ukame na udongo duni. Nchini Tanzania maelfu ya hekta yalitolewa kwa wawekezaji, hususan katika wilaya za Kisarawe na Kilwa. Mnamo 2010 serikali ilitoa miongozo ya nishati ya mimea, na kufikia 2011 miradi mikubwa ya wilaya hizo mbili ilikuwa imesimama. Mojawapo ya sababu za jumla za kuanguka kwa zao hili duniani inaelezeka kwa vitenzi viwili vya Kiswahili. Mbono *huota* penye ukame. *Kuzaa* ni jambo jingine.

Wakati huohuo, katika sehemu za Arusha, vikundi vya wanawake vilikuwa vikitumia mafuta ya mbono kwa jambo dogo na la uhakika zaidi: kutengeneza sabuni. Hapa istilahi hupata mtihani wake halisi. Sabuni hutengenezwa kwa mafuta na kostiki. Dizeli ya mimea hutengenezwa kwa mafuta, methanoli na kostiki. Vitu ni vilevile kwa sehemu kubwa, chombo chaweza kuwa kilekile, lakini kazi ya kostiki si ileile. Katika sabuni kostiki huliwa: huingia ndani ya sabuni na haitoki. Katika dizeli kostiki ni mshenga. Kiswahili cha kemia kina maneno mawili ya kutenganisha hali hizo, *kitendanishi* na *kichocheo*. Kiswahili cha karakana kina neno moja, *dawa*: dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu, na katika pipa la mafuta, tia dawa.

Tofauti hiyo ina gharama. Mafuta yaliyokamuliwa katika mbegu zilizokaa vibaya, penye unyevu, huwa na asidi za mafuta zilizokwisha kuachana na mpini wa gliserini. Katika mafuta ya mbono zimewahi kupimwa hadi asilimia 14 hivi, ilhali kichocheo cha kostiki hufanya kazi vizuri zinapokuwa chini ya asilimia 1 au karibu na hapo. Zikizidi, kostiki huacha ushenga na kuungana nazo yenyewe. Inakuwa kitendanishi. Matokeo ni sabuni katikati ya mafuta, mchanganyiko unaonata ambao dizeli na gliserini hazitengani ndani yake. Fundi aliyefundishwa kwamba kichocheo ni kuni ataongeza kostiki ili moto ukolee, na kila anachoongeza kitazidisha sabuni. Fundi aliyefundishwa kwamba kichocheo ni mshenga atajiuliza ni nani aliyemzuia mshenga njiani. Swali hilo litamwongoza kwenye jibu sahihi: kutumia kwanza kichocheo cha asidi, kama asidi ya salfa, ili asidi zile huru nazo zigeuzwe kuwa esta, kisha kurudi kwenye kostiki.

Hivyo, picha iliyomo katika neno huweza kuamua kama pipa la mafuta litatumika au litamwagwa.

7. Jamaa ya kichocheo

Istilahi huimarika ikipata jamaa. Sayansi ya nishati ya mimea ina vichocheo vya aina nyingi, na vingi vyaweza kutajwa kwa maneno yaliyopo.

Kipo *kichocheo yabisi*, kisichoyeyuka katika mafuta na ambacho huchujwa na kutumiwa tena. Mfano wake uliochunguzwa sana uko karibu na pwani kuliko inavyodhaniwa: ni oksidi ya kalisi, yaani chokaa isiyozimwa. Watu wa pwani ya Afrika Mashariki wamechoma matumbawe kupata chokaa ya kujengea kwa karne nyingi. Wanakemia wameipata oksidi hiyohiyo kwa kuchoma maganda ya mayai na makombe ya baharini kwa nyuzi 800 au 900, wakaitumia kugeuza mafuta kuwa dizeli. Udhaifu wake unajulikana kwa kila mwashi wa zamani: ikiachwa wazi, hunyonya unyevu wa hewa na kuzimika. Kiswahili husema *kuzima chokaa*. Chokaa iliyozimwa ni kichocheo kilichodhoofika, na neno la fundi na neno la maabara yanakutana pasipo kamati yoyote kuketi.

Kipo *kimeng'enya*, kichocheo kinachotokana na viumbe hai, ambacho jina lake limetoka katika *meng'enya*, kuvunjavunja vipande vidogo. Lipo kundi la vimeng'enya linaloshughulikia mafuta, na hufanya kazi kwa joto la chini bila kuzaa sabuni, ijapokuwa bei yake ni kubwa. Picha ya neno hili ni sahihi kuliko ya *kichocheo*, maana kumeng'enya ni kuachanisha.

Vipo, hatimaye, vichocheo vya metali. Mfaransa Paul Sabatier alipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1912 kwa kuonyesha jinsi metali zilizosagwa laini, kama nikeli, zinavyounganisha haidrojeni na viambata vya kaboni. Katika njia iliyotokana na elimu hiyo, mafuta ya mimea hupitishwa pamoja na haidrojeni, kwa nyuzi 300 hadi 400 na shinikizo kubwa, juu ya vichocheo vya nikeli na molibdeni au kobalti na molibdeni. Oksijeni yote huondolewa. Kinachobaki si esta tena, bali ni haidrokaboni za jamii ileile iliyomo katika dizeli ya petroli. Kiwanda cha kampuni ya Neste kilichoanza kazi Porvoo, Finland, mwaka 2007 hutumia njia ya namna hii, na kutokana nayo hupatikana pia mafuta ya ndege. Sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika eneo ambalo lugha ya mawasiliano ni Kiswahili. Kiasi kikubwa hakiendi kwenye vichocheo bali kwenye betri, lakini hoja inabaki: anayeichimba metali na anayehitaji istilahi ya kuieleza huzungumza lugha moja.

8. Jina linaloficha

Zipo hatari ambazo haziwezi kungoja kamati. Methanoli, mbia wa lazima wa kostiki katika kazi hii, hufanana kwa macho na pombe ya kawaida, huwaka kwa mwali usioonekana vyema mchana, na ikinywewa huleta upofu na kifo. Ikiitwa *spiriti* au *alkoholi* tu, jina limeificha. Mnamo Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki jijini Nairobi baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli; mwezi Mei 2014 makumi ya watu walikufa kwa sababu kama hiyo katika kaunti kadhaa za Kenya. Pombe ya mwaka 2000 iliitwa *kumi kumi*. Jina hilo lilimweleza mnywaji bei. Halikumweleza kilichomo. Ni wajibu wa wanaistilahi kuhakikisha kwamba neno *methanoli* halipokewi kama msamiati wa mtihani, bali kama onyo linaloandikwa kwa herufi kubwa juu ya pipa.

9. Pingamizi na jibu lake

Kuna pingamizi lenye nguvu dhidi ya hoja hizi. Yaweza kusemwa kwamba istilahi haihitaji mzizi sahihi. Neno *atomu* lina asili ya Kigiriki yenye maana ya kisichogawanyika, na atomu imegawanywa. Wanafizikia hawakulibadili neno, na hakuna aliyepotoka. Maana ya istilahi hutokana na ufafanuzi na matumizi ya wataalamu, si na historia ya neno.

Pingamizi hili ni kweli kwa lugha ambayo somo lenyewe hufundishwa kwayo. Mwanafunzi wa namna hiyo hulisikia neno mara elfu moja katika maelezo, majaribio na mitihani, na mzizi wake hufifia. Hali ya Kiswahili ni tofauti. Nchini Tanzania kemia ya sekondari na ya chuo bado hufundishwa kwa Kiingereza. Istilahi ya Kiswahili mara nyingi humfikia mtumiaji ikiwa peke yake: katika kijitabu cha ugani, katika taarifa ya redio, katika maelezo ya fundi kwa mwanafunzi wake. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia* mwaka 1990, na zaidi ya miongo mitatu baadaye kamusi ya aina hiyo bado inasubiri darasa la kuitumia. Neno lisilo na mwalimu hufundishwa na mzizi wake. Ndiyo maana mzizi wa *kichocheo* una uzito ambao mzizi wa *atomu* hauna.

10. Hitimisho

Mwaka 2022 kiwanda cha kukamua mbegu za mafuta kilianza kazi katika Kaunti ya Makueni, Kenya, kwa malighafi kama nyonyo na mbegu za pamba. Mafuta yake yalisafirishwa hadi Gela, Italia, ambako mtambo wa kampuni ya Eni huyageuza kwa haidrojeni na vichocheo. Tangu basi la Brussels la mwaka 1938 mgawanyo wa kazi haujabadilika sana: kukamua hufanyika huku, kuchochea hufanyika kule.

Isimu haiwezi kujenga mtambo. Inaweza, hata hivyo, kutambua kwamba Kiswahili kina maneno mengi na sahihi kwa nusu ya kwanza ya kazi: kupura, kupepeta, kutwanga, kukamua, kuchuja. Nusu ya pili ina istilahi zilizoundwa vizuri lakini zisizotumika vya kutosha hadi zikajisahihisha. Hatua tatu zinawezekana sasa. Ya kwanza ni kuandika upya ufafanuzi wa *kichocheo* katika kamusi na vitabu, ili kushiriki bila kuliwa kuwe sifa yake ya kwanza. Ya pili ni kutenganisha bila kuchoka *kitendanishi* na *kichocheo* katika kila maandishi ya ugani ambamo leo limeandikwa neno *dawa*. Ya tatu ni kuwapeleka wanaistilahi karakanani, kwa watengeneza sabuni na waashi wa chokaa, kabla ya kuwaita mezani.

Msikilizaji aliyeuliza jinsi mafuta yanavyogeuka kuwa mafuta anastahili kujibiwa kwa lugha yake, na jibu lenyewe si refu. Mafuta yalikuwa mazito kwa kuwa watatu walifungwa kwa mpini mmoja. Akaja mshenga, kila mmoja akapata mwenziwe, mpini ukabaki peke yake, na mshenga akatoka kama alivyoingia.